Maji ya Mgeni wa Karatasi

Mke wangu Severina hakuwa mtu wa kumwaga maji. Naanzia hapo kwa sababu ukishalijua hilo umemjua nusu. Tuliishi Mkomaindo, hapa mjini Masasi, na bomba lilikuwa kwa jirani, hatua ishirini tu kutoka mlangoni petu. Hata hivyo kila chungu, kila sufuria na kila dumu nyumbani mwangu lilijaa maji. Maji aliyooshea mchele alilowekea vyombo, ya vyombo alinawia miguu, ya miguu aliupa mpapai. Mimi nikimwaga nusu kikombe kilichobaki, ananitazama kama nimemtukania mama yake. Nimemwambia mara ngapi sijui: Mama Dorika, hapa si Newala. Jibu lake lilikuwa hilo hilo siku zote, kwamba bomba ni la serikali, na serikali nayo huchoka.

Alizaliwa Mkunya, juu kule uwandani, ambako ardhi inapenda mikorosho na mihogo lakini maji yako bondeni. Wanawake walitelemka kabla ya jogoo kuwika, wakapanda na ndoo kichwani jua limeshakuwa kali. Mwenye nyumba ya bati alichimba kisima ubavuni mwa nyumba, akakisakafia, bati likakijazia maji ya mvua, naye akakitia kufuli kama duka. Kwa hiyo kule mtu akikupa kikombe cha maji, amekupa asubuhi nzima ya mwanamke. Na akikunyima, basi hana haja ya kukuambia lingine.

Aliyemnyima Severina ni kaka yake mwenyewe, Bartholomayo. Nao walikuwa wanapendana, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Baba yao alikufa mapema, na Bartholomayo ndiye aliyemsomesha dada yake kwa korosho alizookota kwa mikono yake. Severina alipofaulu kwenda chuo cha ualimu, kaka mtu alimbebea sanduku kwa miguu mpaka Newala mjini, hataki hata aguse mpini. Mimi nilipokwenda kuposa, alinihoji kama polisi. Tangu hapo hatukuwa na mapenzi makubwa, lakini tulisalimiana.

Sasa nisikilize, maana kosa lenyewe ni langu.

Masika ya mwaka themanini na tano mama yao aliugua. Bartholomayo akatuma karatasi kwa dereva wa lori la ushirika: mama hali si nzuri, Severina apande haraka. Karatasi ikanifikia mimi ghalani, maana wakati huo nilikuwa karani wa ghala la chama cha ushirika, mtu na kalamu zake mbili mfukoni. Severina alikuwa katikati ya mtihani wa kupanda daraja, mtihani wa siku tatu alioungojea miaka minne. Na huyo bibi alishatangazwa kuwa hali si nzuri mara nne, na mara zote nne tulimkuta amekaa anamenya mihogo. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfuko wa shati. Nikasema moyoni, amalize mtihani wake kwanza, nitampa.

Kabla sijampa, habari ya msiba ikatangulia. Tulipofika Mkunya ilikuwa Ijumaa. Mama amezikwa Alhamisi.

Bartholomayo alisimama mbele ya waombolezaji wote, akamwambia dada yake kwamba karatasi aliituma Jumanne, na mwenye mama hangoji mpaka Ijumaa. Halafu akasema lile neno: "Mkono wangu mimi hautakupa tena hata maji ya kunywa." Watu wakainamisha vichwa. Severina akanigeukia. Alikuwa hajui habari ya karatasi yoyote, nami ilikuwa bado imo mfukoni, naisikia kifuani. Nikameza ulimi. Mtu mzima, mume wa mtu, nikasimama pale kama nguzo.

Nilimwambia njiani tukirudi. Hakulia, hakunitukana. Akasimama akafunga upya kanga yake, akasema: "Usimwambie kaka. Mimi ni dada yake, iko siku atachoka kunikasirikia. Wewe ni shemeji tu. Wewe hatachoka."

Basi akalibeba. Miaka kumi na mmoja. Kila Krismasi alipeleka Mkunya kilo mbili za sukari na kitenge cha wifi yake Dominika, na kila baada ya wiki moja sukari ilirudi na dereva yule yule, uzi haujafunguliwa. Kitenge hakikurudi. Dominika alikuwa mwanamke mwenye akili.

Miaka hiyo ndiyo dunia ilipogeuka. Soko huria likaja, wanunuzi binafsi wakaingia na mizani yao na noti mpya, na ghala letu likabaki na popo. Mimi karani nikajikuta sokoni Mkomaindo juu ya turubai, nauza mitumba, napiga kelele chagua-chagua na sauti ya kuimbia kwaya. Nilikuwa na hasira na kila kitu. Nguo zenyewe zilikuja kwa robota, hujui ndani mna nini, na mimi kwa bahati yangu nilipata makoti mazito ya Ulaya, makoti ya kuvalia barafu, hapa Masasi, mwezi wa kumi. Severina alikuwa anapita kutoka shule anayapapasa yale makoti, anasema ni mazuri sana kufundishia. Alikuwa na mwavuli mweusi na mfuko wa chaki alizozinunua mwenyewe. Alifundisha jiografia darasa la nne kwa ramani iliyoliwa na mchwa upande wote wa Amerika. Nchi aliyoitembea yeye mwenyewe ilikuwa Masasi, Newala na Mtwara mjini mara mbili.

Ndipo akaja mgeni.

Alikuja ndani ya bahasha ya kaki, mwezi wa kumi na moja mwaka tisini na sita. Kulikuwa na mama mmoja Mfini, Mzungu wa mradi wa maji, Mama Liisa, aliyezoea kupita shuleni kwa Severina kuazima kivuli na maneno mawili matatu ya Kiswahili. Dada yake alikuwa mwalimu huko kwao, na watoto wa darasa lake walikata mtoto wa karatasi ngumu, urefu wake kutoka kiwiko mpaka vidole, wakamtuma safari ya kusoma dunia. Jina lake Olli. Koti la buluu, kofia nyekundu, mashavu ya waridi, na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake kwa sababu mkasi ulimponyoka mtu. Alikuja na daftari. Anayempokea amtembeze, amwonyeshe watu wanavyoishi, aandike daftarini, amrudishe kabla ya Krismasi, Mama Liisa atakapokwenda kwao.

Nilisema wazi kwamba mimi simkaribishi karatasi. Severina akajifanya hakunisikia. Akamweka Olli rafuni karibu na saa, na asubuhi nikamkuta anamwonyesha uji unavyokorogwa. Shuleni darasa zima lilisimama kumpokea, ukazuka ubishi kama aamkiwe shikamoo kwa kuwa ametoka mbali au asiamkiwe kwa kuwa ni mtoto. Wakakata kwamba yeye ndiye aamkie, na kwa kuwa haamkii, hana adabu, lakini ni mgeni, asamehewe. Severina akamleta sokoni kwangu akamkalisha juu ya rundo la makoti. Watu wakajaa kumtazama. Nikauza makoti mawili siku ile, sijui kwa nani na kwa kazi gani, nikaanza kumwona yule mtoto kwa jicho jingine.

Lakini swali la kwanza daftarini lilikuwa la maji. Mama Liisa alishawaandikia watoto habari za kule uwandani, nao kwao maziwa ya maji yamezagaa kila upande. Waliuliza: watu wanaokaa juu ya mlima wanayapata wapi maji, na nani anayabeba?

Nikamwambia Severina hilo swali jepesi, wewe umezaliwa kule, andika kutoka kichwani. Akaiweka kalamu mezani. Akasema mgeni haonyeshwi kitu kwa kusimuliwa, ni lazima apelekwe. Halafu akatazama pembeni. Hapo nikaelewa. Alikuwa anatafuta sababu ya kwenda kwa kaka yake tangu mwaka themanini na tano, na sasa amepata sababu ya urefu wa dhiraa moja, yenye kofia nyekundu.

Usiku hakulala vizuri, nami sikulala. Alikuwa na miaka arobaini na nne, na Bartholomayo alishatimiza sitini, anakohoa, Dominika alileta salamu hizo kwa siri. Akifukuzwa safari hii hatarudi tena, hilo tulilijua wote wawili wala hakuna aliyelisema.

Tulipanda na lori la mnunuzi binafsi wa korosho. Ndiyo, mimi karani wa ushirika, juu ya magunia matupu ya watu walioniua. Severina alimshika Olli mbele ya kifua, uso wake nje, amwone bonde. Kila kona ya mlima alimweleza: pale mihogo, pale mikorosho, ule moshi wanapika pombe ya mabibo, matunda ya mikorosho. Vumbi jekundu lilituingia mpaka kwenye meno. Mvua zilikuwa hazijaanza, na tulipofika juu tukaona ndoo zimepangwa foleni kwenye bomba la mradi, mashine imekufa wiki ya tatu. Visima vya bati vilikuwa vinakwanguliwa chini.

Alasiri tukafika Mkunya. Bartholomayo alikuwa uani anakausha korosho kwenye jamvi. Amepungua, lakini mabega ni yale yale. Severina akasimama mwisho wa uwanja, hakukanyaga jamvi wala kivuli cha nyumba, akapiga goti na kusema, "Shikamoo, kaka."

Bartholomayo aliendelea kugeuza korosho. Majirani walianza kusogea, kwanza wawili, kisha uwanja mzima. Mtu mzima akiamkiwa shikamoo asiitikie, kwetu huo ni msiba. Severina alibaki pale chini na goti lake vumbini. Nilitamani nimwinue tuondoke.

Ndipo kaka mtu akakiona alichoshika. Akauliza, lakini alimuuliza mkewe, si dada yake, yule ni nani. Severina akajibu yeye, polepole, kwa sauti ya darasani: ni mgeni, anaitwa Olli, ametoka Ulaya, wenzake wamemtuma aje aone watu wa huku wanavyopata maji.

Hakucheka mtu. Sijui kwingine ingekuwaje, lakini pale Mkunya hakucheka mtu. Dominika alikwenda ndani akatoka na kigoda, akakiweka katikati ya uwanja, na Severina akamkalisha Olli, akamwegemeza kwenye kinu. Bartholomayo akanawa vumbi la korosho kwa mchanga, akazunguka kile kigoda. Akamtazama koti, akamtazama ule mkono mrefu. Akamuuliza mkewe kama mgeni amepewa maji. Dominika akasema bado.

Akaingia mfukoni akatoa ufunguo. Akafungua kisima mwenyewe, na tulilisikia kopo likikwaruza sakafu chini kabla halijapata maji. Akaja na kikombe cha bati kimejaa mpaka ukingoni, anatembea kwa hadhari asimwage, akakisogeza mbele ya yule mtoto wa karatasi. Uwanja mzima ulikuwa unatazama. Karatasi haikunywa, bila shaka.

Akainua macho akawatazama majirani, akauliza kwa sauti ya watu wote: "Mgeni mchanga, asiyejua kunywa, chake hunywa nani?"

Swali hilo kwetu halina fumbo. Mtoto mchanga akipelekwa nyumba ya watu kwa mara ya kwanza, hupewa yai, hupewa maji, na mama aliyembeba ndiye anayekula na kunywa kwa niaba yake. Kila mtu pale alishafanya hivyo. Bibi mmoja nyuma akajibu, hunywa aliyembeba.

"Basi," Bartholomayo akasema, "na anywe aliyembeba."

Hakumpa dada yake. Neno lake la mwaka themanini na tano halikuvunjika hata kidogo. Alimpa mgeni, akageuza uso, na Severina akakiokota kikombe mbele ya kigoda, akanywa. Alikunywa yote bila kupumua, machozi yanaingia humo humo. Alipomaliza akakiinamisha kikombe kuonyesha hakuna kilichobaki, na ndipo kaka yake akasema, akiwa bado ametazama mikorosho, "Marahaba."

Mimi hapo nikashindwa. Nikasimama nikasema yote, mbele ya watu wale wale au watoto wao: karatasi ilinifikia mimi, Jumanne, niliiweka mfukoni, Severina hakuiona, aliyemchelewesha mwenye mama ni mimi. Severina alinivuta shati nikae. Sikukaa. Shati lenyewe lilikuwa limeloa jasho.

Bartholomayo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakirudia kisima, akachota kikombe cha pili, nikajua kinakuja kwangu, na koo langu lilikuwa limekauka kwa vumbi la lori. Akakipeleka kwa dada yake, akampa mkononi. Nilipomtazama kaka mtu, akaniambia: "Wewe hukumbeba mgeni."

Severina alicheka. Mwenzangu, alicheka mpaka akakaa chini, kanga mdomoni, na Dominika naye, na uwanja mzima. Mimi nilikunywa maji jioni, jikoni kwa Dominika, nimejibanza nyuma ya mlango kama mwizi wa mboga.

Kesho yake alfajiri wanawake wawili wakatelemka bondeni na Olli ndani ya ndoo tupu. Wakarudi saa nne, yeye amekaa juu ya ndoo iliyojaa. Bartholomayo akataka mgeni apigwe picha kwa kamera aliyotuazima Mama Liisa akiwa ameshika bibo, akamfungia bibo bivu kwenye ule mkono mrefu. Likachuruzika kotini. Doa la bibo halitoki, kila mtu wa huku anajua, mashati yetu yote yana ramani zake. Severina alihangaika sana, akaona ameharibu mtoto wa watu. Mwisho akaandika daftarini, kwa kalamu yake nyekundu, kwamba wasijaribu kulifua, kwa sababu kwetu mtu asiye na doa hilo hajafika. Kuhusu maji aliandika kurasa nane. Sikuruhusiwa kuzisoma.

Tulipokuwa kwenye lori tunarudi, alikaa amelalia bega langu, jambo ambalo hakulizoea mbele ya watu. Akaniambia yale maji yana ladha ya bati. Alikuwa ameisahau ladha ile, akasema, miaka yote hii maji ya bomba alikuwa anayanywa kama dawa. Nikamuuliza bati lina ladha gani. Akasema haielezeki, lazima upewe.

Olli alirudi kwao. Watoto waliandika barua, wakasema wamemtundika ukutani na doa lake, na wakauliza huyo mjomba mwenye ufunguo hajambo. Severina aliwasomea darasa la nne barua ile kila mwaka mpaka alipostaafu. Nasi tukawa tunapanda Mkunya kila Krismasi na kila msimu wa korosho. Bartholomayo alinikaribisha, tulibishana siasa na bei, alinipa kuku, alinipa korosho, siku moja alinipa hata mbuzi. Maji kwa mkono wake hakunipa. Nilikunywa jikoni kwa Dominika miaka kumi na mitano, na Severina hakukoma kunicheka. Nilikuwa nanung'unika, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nakipenda kicheko kile. Ningekunywa nyuma ya mlango miaka mingine kumi na mitano.

Alifariki mwaka elfu mbili na kumi na moja, mwezi wa kumi na moja tena, visima vikavu. Alishasema analotaka: alazwe karibu na mama yake. Nikampandisha mlima kwa gari la kukodi, nimekaa nyuma naye, njia nzima nikimwonyesha. Pale mihogo, pale mikorosho. Dorika binti yetu alidhani nimechanganyikiwa.

Baada ya kumzika nilikaa kwenye kigoda karibu na kinu. Watu walikuwa wananizungumzisha, sikuwasikia. Nikasikia kufuli. Nikasikia kopo linakwaruza chini ya kisima. Bartholomayo wakati huo anatembea na fimbo, na alivuka uwanja ule na fimbo mkono mmoja na kikombe mkono mwingine, ikamchukua muda mrefu sana, na watu wakampisha. Akasimama mbele yangu, akaninyooshea.

"Kunywa, shemeji," akasema. "Leo mgeni umemleta wewe."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikanywa yote, sikumwaga hata tone. Yalikuwa na ladha ya bati.